Jiko la biogesi likififia: anza kutafuta jikoni kabla ya kufukua mtambo

Uji uko motoni, watoto wanasubiri kwenda shule, na moto wa biogesi unafifia. Unafungua koki mpaka mwisho, hakuna mabadiliko. Unazima, unawasha tena, moto unayumba mara mbili tatu kisha unakata. Siku ya tatu unarudisha mafiga. Baada ya mwezi, jirani akikuuliza unamjibu: "Mtambo wetu ulishakufa."

Msikilizaji, kabla hujautangazia msiba mtambo wako, soma makala haya hadi mwisho. Mara nyingi mtambo unaoitwa mfu ni mzima. Ama gesi ipo lakini imezuiwa njiani, ama gesi haipo kwa sababu mtambo una njaa. Hayo ni matatizo mawili tofauti na kila moja lina dawa yake, na unaweza kuyatofautisha mwenyewe kwa dakika kumi bila kumlipa fundi.

Shangazi yangu huko Rungwe alipikia kuni miezi mitatu huku kuba la mtambo wake limejaa gesi. Fundi mmoja alikuwa ameshamwambia kwamba kuba limepasuka, lazima lifukuliwe na kupigwa lipu upya kwa ndani, na bei alishamtajia. Shangazi alikuwa anafikiria kuuza ndama. Nilipofika likizo alinipokea na habari hiyo hiyo: "Mwanangu, mtambo umekufa." Kilichokuwa kimeua mtambo ni maji yasiyofika hata lita mbili, yaliyolala ndani ya bomba. Nitaeleza tuliyaonaje.

Kwanza tuifuate njia ya gesi. Mitambo mingi ya vijijini kwetu ni ya kuba lililojengwa chini ya ardhi, kama ule mtindo uliosambazwa na CAMARTEC ya Arusha tangu miaka ya 1980. Samadi iliyochanganywa na maji inaingia upande mmoja. Ndani, vijidudu vinaila na kutoa gesi, na gesi inapanda juu ya kuba. Upande wa pili kuna chemba ambayo tope lililokwisha kutumika hupandia na kutokea kwenda shambani. Gesi inatoka juu ya kuba kupitia koki kubwa, inafuata bomba lililofukiwa ardhini, inafika jikoni kwenye geji, inapita kwenye mpira hadi kwenye koki ya jiko, inapenya kitundu kidogo cha nozeli, inachanganyika na hewa, ndipo inawaka. Popote katika njia hiyo panaweza kuziba.

Gesi ipo au haipo?

Hili ndilo swali la kwanza, na watu wengi hulipita. Nenda kwenye chemba ya kutokea tope, inua mfuniko kidogo, subiri dakika chache hewa ipite, kisha tazama bila kuingiza kichwa na bila sigara wala moto wa aina yoyote.

Gesi inapojaa kwenye kuba huwa inalisukuma tope kwenda kwenye chemba hiyo. Gesi ikitumika, tope linarudi ndani. Kwa hiyo chemba ni geji ambayo haiharibiki. Tope likiwa juu, karibu na tundu la kumwagikia shambani, kuba lina gesi. Likiwa chini kabisa, gesi hakuna, na hata ukibadilisha jiko utakuwa unapoteza hela.

Kwa shangazi tope lilikuwa juu, linamwagika. Kuba lililopasuka halisukumi tope namna hiyo. Hapo ndipo tulipojua kwamba fundi alibahatisha.

Sasa rudi jikoni utazame geji. Funga jiko, hakikisha koki kubwa iliyo juu ya kuba imefunguliwa kabisa (nimeshaona nyumba ambayo mtoto aliifunga nusu wakati anacheza, na watu wazima wakahangaika wiki nzima), kisha soma mshale. Washa jiko huku macho yako yako kwenye mshale huo. Ukibaki juu huku moto ni mdogo, kizuizi kiko mbele ya geji: kwenye mpira, kwenye koki ya jiko, au kwenye nozeli. Ukiporomoka ghafla karibu na sifuri mara tu unapowasha, na ukifunga unapanda tena polepole, kizuizi kiko nyuma ya geji, yaani kwenye bomba la ardhini au kwenye koki kubwa. Ukicheza juu na chini bila kutulia, na moto nao unacheza pamoja nao, hayo ni maji.

Wenye geji ya mpira wa plastiki uliokunjwa mfano wa herufi U na kutiwa maji ya rangi, kanuni ni ile ile. Tazama tofauti ya kimo cha maji kati ya mkono mmoja na mwingine.

Kama kizuizi kiko kwenye jiko

Hapa kazi ni nyepesi. Funga koki zote, acha jiko lipoe, kisha ondoa kichwa chake chenye matundu. Uji uliofurika, maziwa na unga wa ugali huingia kwenye matundu hayo na kuungua mpaka vikawa ukoko mgumu. Kiloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, kisugue kwa brashi, zibua tundu moja moja kwa msumari mwembamba, kikaushe kabisa kabla ya kukirudisha.

Nozeli ni kile kitundu kidogo ambapo gesi inaingilia kwenye jiko. Biogesi hubeba kiasi kidogo cha gesi yenye harufu ya yai viza, na hiyo hula vyuma na kuacha uchafu mweusi. Uchafu ukishika pale, moto unanyong'onyea. Safisha kwa waya mwembamba kuliko tundu lenyewe. Usitoboe. Ukilipanua tundu, jiko litakunywa gesi ovyo na moto wake hautatulia tena.

Rangi ya moto inasema mengi. Moto mzuri ni wa buluu, mfupi, unaovuma kidogo. Ukiwa wa njano, mrefu na unapaka sufuria masizi, hewa haitoshi: fungua zaidi kile kipete cha hewa kwenye shingo ya jiko, au toa utando wa buibui uliomo. Ukiwa unaruka juu ya matundu na kujizima, hewa imezidi au msukumo wa gesi ni mkubwa: punguza hewa, au punguza koki.

Neno kuhusu majiko ya dukani. Jiko la gesi ya mtungi halifai kuungwa moja kwa moja kwenye biogesi. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi na nozeli yake ni ndogo sana, kwa hiyo biogesi ikipita hapo inawaka kama kibatari. Kama ulinunua jiko la namna hiyo na tangu siku ya kwanza moto haukuwa na nguvu, mtambo wako hauna kosa.

Na utazame mpira. Panya huutoboa, joto huupasua karibu na jiko, na mara nyingine umekunjika tu nyuma ya meza.

Maji kwenye bomba

Hili ndilo tatizo la shangazi, na kwa maoni yangu ndilo linalowarudisha watu wengi kwenye kuni bila sababu.

Gesi inapotoka kwenye kuba huwa imejaa mvuke, kama hewa juu ya sufuria ya maji ya moto. Inapopita kwenye bomba lililoko kwenye udongo wa baridi, mvuke unageuka matone. Matone yanateremka hadi mahali bomba lilipo chini zaidi na kukaa hapo. Siku baada ya siku yanaongezeka, mpaka yanajaza bomba na kuwa kizibo. Gesi inajikusanya nyuma yake, inapenya kwa mabubujiko, na moto jikoni unaruka na kufifia kwa mapigo. Ukiweka sikio karibu na bomba unaweza kusikia mlio kama mtungi unaojazwa maji. Mwishowe gesi haipiti kabisa.

Wajenzi wanalijua hilo. Ndiyo maana kati ya mtambo na jiko, mahali pa chini, huweka kishimo chenye mfuniko, na ndani yake koki ndogo ya kutolea maji. Taabu ni kwamba fundi akimaliza kazi anaonyesha baba mwenye nyumba koki hiyo mara moja, ilhali anayepika ni mama. Miaka inapita, majani yanaota juu ya mfuniko.

Kwa shangazi tulikichimbua kishimo chini ya migomba. Hakujua kama kipo. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa anakishughulikia. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya "kifo" cha mtambo: aliyejua koki ameondoka, na hakuna aliyemrithi ujuzi huo.

Namna ya kutoa maji ni hii. Zima moto wote jikoni na ufunge koki ya jiko. Acha koki kubwa ya kwenye kuba wazi, kwa sababu msukumo wa gesi ndio utakaofukuza maji. Funua kishimo, kiache wazi kwa muda kipigwe na upepo, hakikisha hakuna moto wala sigara karibu, kisha fungua koki ndogo polepole. Maji yatatoka kwa nguvu, mara nyingi yananuka. Yakiisha, utasikia gesi inapuliza. Funga mara moja. Nenda kawashe jiko.

Wiki ya kwanza fanya hivyo mara mbili ili ujue bomba lako linakusanya maji kiasi gani. Baadaye mara moja kwa wiki inatosha kwa nyumba nyingi. Nyakati za baridi huenda ukahitaji zaidi.

Kama umetoa maji na bado geji inacheza, kuna mahali pengine bomba limebonyea. Kumbuka kama trekta, gari au mkokoteni umepita juu yake, au kama mvua zimeondoa udongo chini yake. Bomba lote linapaswa kuteremka kidogo kuelekea kwenye kishimo, angalau sentimita 1 kwa kila mita. Pale palipobonyea, fukua upainue. Hiyo ni kazi ya jembe tu.

Gesi inayovuja

Kama tope kwenye chemba linapanda usiku na asubuhi liko chini kabla hujapika, gesi inatoroka. Funga jiko, soma geji, kisha funga koki kubwa ya kwenye kuba. Mshale ukiteremka, bomba au viungio vyake vinavuja. Ukibaki palepale, bomba ni zima, na uvujaji uko kwenye kuba lenyewe au kwenye mfuniko wake wa juu.

Kuutafuta uvujaji, fungua tena koki kubwa, tengeneza povu zito la sabuni na upake kwenye kila kiungio. Panapotoka mapovu ndipo penyewe. Tafadhali usitafute kwa njiti ya kiberiti. Najua wapo mafundi wanaofanya hivyo na kucheka. Jikoni mwenye nyasi juu na gesi chini si mahali pa kuchezea kiberiti. Ukisikia harufu ya yai viza jikoni, fungua mlango na madirisha, funga koki, toka nje kwanza. Na kila unapopika, washa njiti kwanza ndipo ufungue koki, wala si kinyume chake.

Kama tope liko chini: mtambo una njaa

Hapa usihangaike na jiko. Nenda zizini.

Tufanye hesabu. Kilo 1 ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa takriban lita 35 hadi 40 za gesi. Jiko la sahani moja hutumia kama lita 400 kwa saa. Ndoo mbili za lita 20, ambazo ni kama kilo 40 za samadi, zinakupa basi moto wa saa tatu na nusu hadi nne kwa siku. Chai, maharage na ugali vinapita. Ukitia nusu ndoo kwa siku, una moto wa saa moja, basi. Mtambo hauwezi kukopesha.

Tatizo huanza kidogokidogo. Ng'ombe mmoja ameuzwa kulipa ada. Au kiangazi kimekuja na ng'ombe waliokuwa wanalishwa bandani sasa wanapelekwa malishoni, na samadi inabaki porini. Au kijana aliyekuwa anachanganya samadi ameenda mjini kutafuta kazi. Hakuna aliyeamua kuacha kulisha mtambo, umeachwa tu.

Samadi iwe mbichi, ya jana au ya leo. Ile iliyokauka juani imeshapoteza nguvu. Changanya kwa kipimo kimoja: ndoo ya samadi kwa ndoo ya maji, koroga mpaka mabonge yaishe. Toa mchanga, mawe na majani marefu. Mchanga hushuka chini na kula nafasi ya mtambo mwaka hadi mwaka. Majani huelea na kufanya utando mgumu juu ambao gesi inashindwa kuupenya. Kama unashuku utando, chukua mti mrefu ulionyooka, uuingize kwenye bomba la kuingizia, usukume na kuvuta mara kadhaa kila siku.

Maji yakiwa haba, mkojo wa ng'ombe unaotiririka bandani unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji. Maji ya kufulia hayafai: sabuni inaua vijidudu. Vivyo hivyo dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa za kusafishia banda, na samadi ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki. Samadi ya mnyama aliye kwenye matibabu ipeleke kwingine mpaka dawa itoke mwilini mwake.

Mtambo ulioshinda njaa muda mrefu usiushibishe kwa siku moja. Ukimwaga ndoo kumi kwa pupa, nyingi zitatokea upande wa pili kabla hazijaliwa, na tumbo la mtambo linaweza kuchachuka. Anza na nusu ya kipimo kwa wiki moja, kisha ongeza. Subiri wiki mbili au tatu kabla ya kuulaumu.

Baridi nayo ina lake. Vijidudu hivyo hupenda joto karibu na nyuzi 35, na ardhi ikipoa kama ya Njombe, Lushoto au Kinangop mwezi wa Juni na Julai, vinafanya kazi kwa uvivu. Gesi kupungua miezi hiyo ni kawaida. Tandaza majani makavu juu ya kuba, tumia maji yaliyopata jua mchana, na usipike maharage kwa gesi bila kuyaloweka.

Mtambo mpya una tabia yake: gesi ya mwanzo huwa haiwaki kwa sababu sehemu kubwa ni hewa na kabonidayoksaidi. Itoe nje, mbali na moto, mara kadhaa. Siku moja itashika.

Wenye mtambo wa mfuko wa plastiki, msukumo wenu ni mdogo kwa maumbile. Mfuko ukiwa umetuna na moto bado ni dhaifu, weka uzito mwepesi usio na ncha juu yake wakati wa kupika, kama tairi kuukuu la pikipiki.

Kitu kimoja usifanye kamwe

Usiingie ndani ya mtambo, wala usimshushe mtoto au kibarua, hata kama unaonekana mtupu. Ndani hakuna hewa ya kupumua, na ile gesi ya yai viza ikizidi inaua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo mtu anadhani imekwisha. Anaanguka kwa pumzi chache. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Kuondoa mchanga chini ya kuba au kupiga lipu ndani ni kazi ya fundi mwenye vifaa, baada ya mtambo kumwagwa na kupulizwa hewa. Hapo, na pale uvujaji unapokuwa kwenye kuba lenyewe, ndipo hela ya fundi inapotumika vizuri. Muulize kwanza ametazama nini kabla ya kusema kuba limepasuka.

Shangazi sasa anafungua ile koki ya migombani kila Jumamosi, na amemfundisha mjukuu wake wa kike pia. Yule ndama hakuuzwa. Amekuwa mtamba, na samadi yake inaingia kwenye mtambo kila asubuhi.